Zamu ya Sagini

Jina langu ni Chepkorir, lakini huku Kaptebes ukiuliza Chepkorir watu watakuuliza yupi. Uliza Mama Viti. Hata mtoto wa nasari atakuleta mpaka mlangoni, kwa sababu viti mia tatu vya plastiki, tenti nne, sufuria kubwa sita na spika mbili za kikundi vinakaa kwenye stoo nyuma ya nyumba yangu, na ufunguo ninauvaa shingoni. Mimi ndiye ninayesema nani apewe tenti ipi, na nikisema hakuna, hakuna. Watu husema nina mdomo. Ni kweli ninao. Lakini katika miaka saba hakijapotea hata kiti kimoja, na hiyo pia waiseme.

Nataka kueleza habari ya Sagini. Nitaieleza vile ilivyokuwa, na pale nilipokosa nitasema nilikosa, sitaki mtu anisaidie.

Sisi wa Kaptebes ni watu waliofutwa kazi. Tulichuma majani kwenye shamba la chai la hapo juu miaka mingi, wengine Wakipsigis wa papa hapa, wengine Wakisii waliokuja wakiwa vijana, na tukaishi pamoja kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi za kampuni. Halafu zikaja mashine za kuchuma, tukapewa kiinua mgongo na barua ya asante. Tukanunua huu mteremko, kila mtu kipande chake, kwa kuwa ulikuwa bei rahisi, na tulipokuja kujua kwa nini ulikuwa rahisi tulikuwa tumeshahamia. Maji yote ya shamba la chai yanashukia kwetu. Tulijenga kwa udongo, tukaezeka kwa mabati makuukuu yaliyokuwa na matundu ya misumari ya watu wengine. Mvua ya huku inanyesha karibu kila mchana. Ukisikia mtu anasifu ubichi wa Kericho, jua huyo analala mahali pakavu.

Wazo la kikundi tulilipata kwenye matanga. Tulikuwa tumekaa pale tunangoja chai, mtu mmoja akasema viti tulivyokalia vimekodishwa mjini na pesa imeenda mjini. Kuanzia Kiptere mpaka Soin hakuna wiki bila mazishi, na kila mazishi yanataka viti, tenti na sufuria. Kwa nini tusiwe sisi? Tukachanga, tukanunua viti hamsini, na tukakubaliana kwamba kila kinachopatikana kitajenga nyumba. Hakuna kugawana Desemba, hakuna kukopeshana. Nyumba mbili kwa mwaka, mbao mpya, mabati mapya, sakafu ya saruji. Tukaweka vikaratasi kwenye sufuria, kila mtu akachota chake, ikaandikwa orodha ya zamu. Sagini alichota kumi na tatu. Mimi nilichota kumi na nne.

Huyu Sagini ndiye aliyekuwa fundi wetu. Alikuwa Mkisii mrefu, mkimya, mwenye utani mkavu ambao unaufahamu ukishafika nyumbani. Shambani alikuwa anarekebisha nyumba za laini, kwa hivyo useremala aliujua. Sisi wengine tulichanganya udongo, tukabeba mawe, tukapiga plasta, lakini paa lilikuwa lake. Nyumba kumi na mbili za kwanza, mapaa yote kumi na mawili aliyapiga yeye, na malipo yake yalikuwa chakula cha mchana. Mke wake anaitwa Nyatichi. Mungu hakuwapa mtoto, na sijawahi kusikia mmoja wao akimlaumu mwenzake kwa hilo.

Nyumba yao ilikuwa mbaya kuliko zote. Fundi akiwa wewe, unamaliza ya watu kwanza. Nyatichi alikuwa amehamisha kitanda mara nne akifuata pembe isiyovuja, na pembe zilikuwa zimekwisha. Ukiingia kwao mvua ikinyesha, unasikia mabeseni kabla hujasikia salamu.

Mwaka jana mwezi wa nne zamu yake ilifika. Wakati huo alikuwa amelazwa Kericho wiki nzima kwa sababu ya kifua. Mwenyekiti wetu ni Jonah, aliyekuwa nyapara wetu shambani, mtu mpole ambaye hapendi makelele, na labda ndiyo maana kampuni ilimpenda. Jonah akaita mkutano kwenye darasa la nasari ili tupange siku za kazi. Nyatichi hakuwepo, alikuwa hospitali na mume wake.

Sasa lazima nieleze jambo moja ambalo watu wa nje hawalijui. Huku, mtu akiwa hai na nyumba yake inaanguka, ukipitisha bakuli la mchango utapata sarafu. Mtu huyohuyo akifa, watu watatoa mpaka ushangae, kwa sababu wageni watakuja, watoto wa fulani watatoka Nairobi na magari, na hakuna anayetaka waone udongo. Ndani ya wiki moja nyumba inajengwa upya, inapigwa rangi, na mjane anabaki nayo. Kijijini kwetu nyumba tatu zilikuwa zimejengwa hivyo, bila shilingi ya kikundi. Kila mtu alijua. Hakuna aliyewahi kulisema kwenye mkutano.

Mimi nikalisema. Nilisimama na mdomo wangu huu nikasema mzee Sagini ni mgonjwa na sote tunaona, na kwamba saa yake ikifika hakuna mtu Kaptebes ambaye hatatoa, maana sote tunalala chini ya mikono yake. Nikasema pesa ya kikundi haina haja ya kwenda mahali ambapo pesa nyingine iko njiani. Nikasema nipeni mimi sasa, na nyumba ya Sagini itakuja kwa njia yake.

Mlitaka niseme nini? Mvua ya mawe ilikuwa imeng'oa bati la jikoni kwangu, magoti yananiuma, na nilikuwa nimechoka kukausha blanketi juu ya jiko. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimehesabu miaka saba nikilinda viti vya nyumba za watu, na nikaona mlango umefunguka kidogo.

Hakuna aliyenipinga. Chepchirchir, mjane kijana mwenye watoto watatu, ambaye ni wa kumi na tano, alisema haraka kwamba Mama Viti ana maana. Bila shaka nilikuwa na maana, kwa sababu Sagini akitoka kwenye orodha na yeye anasogea. Jonah alikohoa, akasema tusiseme mambo kama hayo kwa sauti, kisha akaandika.

Sagini alitoka hospitali amekonda. Jonah alienda kumwambia kwamba kumekuwa na mabadiliko madogo. Aliniambia baadaye kwamba Sagini hakuuliza swali hata moja, alimkaribisha chai tu. Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, nikamwona anashuka kwangu na nyundo yake na msumeno kwenye gunia. Nikataka kujificha. Haki ya Mungu, niliingia jikoni nikasimama nyuma ya mlango kama mtu anayedaiwa.

Alijenga nyumba yangu wiki tatu. Alikuwa anapanda ngazi, anapumzika katikati, anapanda tena. Akikohoa kule juu sisi huku chini tulikuwa tunaongea kwa nguvu zaidi, kila mtu akitafuta kitu cha kusema kuhusu bei ya majani au mchezo wa mpira. Siku ya mwisho ilikuwa imebaki misumari michache ya kileleni, na wengine walikuwa wameenda kula. Mimi ndiye niliyeshika ngazi.

Akaniita, "Chepkorir." Yeye hakuwahi kuniita Mama Viti.

Nikaitika.

"Mlipanga nikufe mwezi gani?"

Aliuliza bila hasira, kama vile mtu anauliza siku ya soko. Nikamwambia mzee, usiseme hivyo, Mungu ndiye anajua. Akapiga msumari mmoja mpaka ukaingia wote.

"Mimi sina neno," akasema. "Hata mimi nimekaa kwa hiyo mikutano, ningefikiria hivyo. Shida yangu ni Nyatichi. Nikienda, asikae kwa hiyo maji."

Hapo ndipo nilipomwahidi. Niliapa nikiwa nimeshika ile ngazi kwa mikono miwili. Nikamwambia siku yako ikifika, Nyatichi atalala ndani ya nyumba mpya kabla kiti kimoja hakijarudi stoo, na kama sivyo, mimi mwenyewe niulizwe. Akanitazama kutoka kule juu. Kisha akasema sawa, akaomba nimpitishie msumari mwingine.

Nilihamia. Sitasema uongo, nilifurahi. Usiku wa kwanza mvua ilinyesha nikaamka kwa mazoea kutafuta beseni, nikakumbuka, nikalala tena hadi asubuhi.

Mwezi wa nane Sagini akawa hawezi kutoka kitandani. Nyatichi alikuja kwangu akasimama mlangoni, hakutaka kuingia, akaniuliza kama anaweza kupata tenti moja atandike juu ya paa upande wa kitanda, hata ile kuukuu ya kijani. Nikampa. Vijana wakaitandaza, wakaifunga kwa kamba na mawe, na kwa wiki tatu Sagini alilala pakavu. Nilikuwa napita pale kila asubuhi naiangalia, na nilijiona mtu mwema sana.

Ndipo watu wa Soin wakapiga simu. Mama wa mtu mkubwa alikuwa amefariki, walitaka viti vyote, sufuria zote, na tenti zote nne, na walikuwa wanalipa vizuri mbele. Nikasema tuna tatu. Wakasema ni nne au waende kwa wengine. Nilimpigia Jonah, akasema Mama Viti, hayo ni mambo ya stoo, amua wewe. Pesa ile ilikuwa mabati yote ya nyumba ya Chepchirchir. Nikaamua.

Ilikuwa Ijumaa mchana na manyunyu yalikuwa yameanza. Nilienda na vijana wawili. Nilimweleza Nyatichi kwamba ni siku mbili tu, Jumapili itakuwa imerudi. Vijana waliposhusha tenti aliziona pembe zinaburutwa kwenye tope, akaja akashika mbili, mimi nikashika mbili, tukaikunja pamoja vizuri, pembe kwa pembe, vile shuka hukunjwa. Ndani tukasikia Sagini anauliza ni nani. Nyatichi akamwambia ni Mama Viti, amekuja kuchukua tenti, kuna msiba Soin.

"Wape pole," Sagini akasema.

Tenti ilirudi Jumapili imechanika. Upepo wa Soin ulikuwa umeipasua katikati, na fundi wa kushona alikuwa na kazi nyingine mpaka Jumatano. Mvua ilinyesha Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Sagini alifariki Jumanne kabla ya saa sita.

Watu waliniambia angekufa tu, mapafu yalikuwa yamekwisha. Pengine. Mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba blanketi lake nililibeba mimi tulipokuwa tunatoa vitu nje, na lilikuwa zito kwa maji.

Nililia, kisha nikafuta macho nikaanza kazi, kwa sababu nilikuwa na ahadi. Sijawahi kuona mchango kama ule. Watu waliotoa hamsini kwa wengine walitoa elfu. Mapaa kumi na matatu yalikuwa yanazungumza. Watu wa shamba la chai walituma, watu wa Kiptere walituma, hata wale wa Soin walituma. Siku ya pili Jonah alikuwa anapima kona za msingi kwa kamba, mbao zilikuwa zimeagizwa, na mimi nilikuwa nimechagua rangi ya mlango. Tungemaliza kwa siku tano. Sagini mwenyewe alikuwa amenionyesha zamani mahali anapotaka kulala, nyuma ya nyumba karibu na parachichi.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, gari lilisimama barabarani na wazee sita wakashuka. Aliyetangulia alikuwa kaka mkubwa wa Sagini, anaitwa Momanyi, ametoka Kisii. Ana urefu uleule na sauti ileile. Tangu nimjue Sagini, miaka thelathini, hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuja kumsalimu. Hata alipolazwa.

Momanyi alitushukuru sana. Alisema tumemtunza ndugu yao vizuri na Mungu atatulipa. Kisha akasema wamekuja kumchukua, azikwe kwao, kwenye boma la baba yake. Akasema kuna jambo moja, kwamba ndugu yao aliondoka kijana na hakujenga, na kwao mtu mzima haingizwi bomani kama hana nyumba yake. Lazima ajengewe kwanza, alazwe ndani usiku mmoja, ndipo atoke aende kaburini. Kwa hivyo ule mchango waliosikia habari zake, waliuomba, wakajenge.

Kwetu hakuna mtu anayebishana na wenye maiti. Sisi Wakipsigis wa Kaptebes tulikuwa tumehesabu kila kitu, ugonjwa wake, zamu yake, mchango wake, mbao zake. Hatukuhesabu kwamba Sagini alikuwa na kwao.

Mimi nikauliza, "Na Nyatichi je?"

Momanyi alinijibu kwa heshima. "Nyatichi ni mke wetu, mama. Hiyo nyumba tunajenga ni yake."

Wote wakasema amina. Nyatichi alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, leso kichwani, na Jonah akamuuliza kama amekubali. Akaitikia kwa kichwa. Nilimfuata nyuma ya nyumba, nikamshika mkono, nikamwambia mama, kataa, hii pesa ni ya nyumba yako ya hapa, kataa na mimi nitasimama na wewe. Akautoa mkono wake polepole.

"Hapa amengoja zamu miaka saba," akasema. "Hao wanamjengea siku nne."

Bahasha ikatolewa. Mbao zikarudishwa.

Tulienda kwa mazishi na malori mawili ya kanta, na viti vyetu, na tenti zetu, bila malipo, mwanachama ni mwanachama. Kule Kisii nikaiona ile nyumba. Wueh. Mabati ya buluu, madirisha ya kioo, sakafu ya saruji inayong'aa, chumba cha kulala na sebule. Mafundi walikuwa wanatoa vipande vya mbao huku jeneza linaingia. Mvua ilinyesha jioni na tuliimba tukiwa ndani. Niliinua kichwa nikatafuta tone hata moja, hakuna. Sagini alilala ndani yake usiku huo mmoja na asubuhi wakamtoa.

Tulipoondoka, Nyatichi alikuwa amesimama kwenye veranda ya ile nyumba anatupungia. Na mimi, ndani ya kanta, nilihisi mzigo umeshuka. Nikajiambia ana nyumba. Si hapa, lakini anayo, na viti havijafika stoo. Nikalala njia yote mpaka Kericho.

Alirudi baada ya miezi miwili na nusu. Nilimwona anashuka mteremko na mfuko mmoja, viatu vimejaa tope. Mtoto wa Momanyi alikuwa anaoa, na shamba halikuwahi kukatwa kwa jina la Sagini, na mwanamke asiye na kijana wa kiume ana haja gani na vyumba viwili? Walimwambia anaweza kulala jikoni na mama mkwe. Hakugombana nao. Alikunja nguo zake akaja. Aliingia kwenye nyumba yake ile ya udongo, ambayo upande mmoja ulikuwa umeshuka, na jioni nikaona moshi unatokea kwenye matundu ya paa.

Jumamosi hiyo tulikuwa na mkutano. Jonah alifungua kitabu akasoma orodha. Kumi na nne, imejengwa. Kumi na tano, Chepchirchir, mabati tayari yako stoo, kazi inaanza wiki ijayo. Nikamuuliza na kumi na tatu. Akainamisha macho kwenye kitabu, akasema kumi na tatu imejengwa.

Nikasema imejengwa wapi.

Jonah akasema kwa upole wake ule kwamba mchango wa kijiji ulitoka, watu walitoa mara moja na hawawezi kutoa tena, na nyumba ya Sagini ilisimama, sote tuliingia ndani yake na tukaimba. Kama kuna shida kule Kisii, hiyo ni shida ya familia. Akasema anaweza kumwandika Nyatichi mwishoni, wa ishirini. Nikapiga hesabu. Hiyo ni miaka mitatu mingine.

Hapo nikapandwa na hasira. Niliwaita majina ambayo mwanamke wa kanisa hapaswi kuyajua. Nikasema ile zamu ilikuwa ya Sagini, na haikuchukuliwa na mtu wa Kisii, ilichukuliwa humu ndani, na mimi ndiye niliyeichukua, na ninyi mliniitikia. Nilisema yote, mpaka tenti. Nilipomaliza nilikuwa nahema.

Chepchirchir hakunipigia kelele. Alikuwa ananyonyesha. Alisema, "Mama Viti, kama uchungu ni mwingi hivyo, nyumba yako iko."

Watu wote waligeuka kunitazama. Na hapo nilipaswa kusema neno moja tu. Nilifungua mdomo. Niliiona sakafu yangu, dirisha langu, nikasikia magoti yangu, na maneno hayakuja. Nilibaki nimesimama hivyo mpaka nikaona aibu nikakaa.

Nyatichi alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, wengi hata hawakujua ameingia. Akasimama.

"Mimi sitaki nyumba yake yote," akasema. "Anipe chumba kimoja."

Alihamia siku hiyohiyo. Nilimpa chumba changu mwenyewe, chenye dirisha, na nikamwandalia kitanda. Nilipika ugali na mboga ya managu, nikachinja na kuku. Hakula. Alikuwa amekuja na jiko lake dogo, akapika chai yake, akanywa amekaa kwenye kitanda. Mvua ikaanza. Nilisimama mlangoni kwake nikiwa na maneno yote niliyoyapanga tangu Ijumaa ile ya tenti, na nilikuwa nimeshaanza kulia.

Akaweka kikombe chini.

"Usiniombe msamaha," akasema. "Siku utaniomba, narudi kwangu. Na unaona mvua ilivyo."

Sasa ni mwezi wa tano tunaishi naye. Tunapishana jikoni, ananisaidia kuhesabu viti vikirudi, akiona nguo zangu zimesahauliwa kwenye kamba anazianua. Mchungaji alitutaja kanisani, akasema tazameni upendo wa akina mama wa Kaptebes, Mkipsigis na Mkisii chini ya paa moja, na watu wakapiga makofi, na Nyatichi akapiga pia. Nyumba ya Chepchirchir ilijengwa na fundi wa kulipwa kutoka mjini, na inavuja.

Kikohozi kimemwanza tangu mwezi uliopita. Ninakisikia kupitia ukutani. Kila mara kinapotulia ninainuka, naenda hadi kwenye mlango wake, nainua mkono nibishe, halafu nasikiliza mabati, kama bado inanyesha. Inanyesha. Basi narudi kitandani nanyamaza, mimi mwenye mdomo, ili alale pakavu.